Sakafu Niliyoikwangua Mwadui

Mwadui, kupitia Shinyanga,
9 Juni 1954

Mpendwa dada Paskalia,

Shikamoo, dada. Na mwangaluka pia, maana najua huko Muheza hupati wa kukuamkia Kisukuma. Shemeji Masele anaendeleaje? Kifua chake kimepona, au vumbi la mkonge bado linamsumbua? Generosa ameanza kutembea?

Sisi ni wazima. Wifi yako Melania analalamika tu kwamba siku hizi natikisa meza kwa magoti tukiwa tunakula. Ni kweli, dada. Hata barua hii nimeiacha mara mbili nikatoka nje, nikarudi.

Nyumbani mtama umekubali, na ng'ombe wa baba mdogo waliokuwa wakiumwa kwato wamepona.

Sasa habari iliyonifanya niandike. Jumamosi iliyopita palikuwa na maonyesho ya mavazi kwenye jumba la klabu. Mabibi walitoka Nairobi na magauni ya hariri, ili wayavae pamoja na almasi mbele ya wageni wakubwa. Katikati ya maonyesho walialikwa wachezaji sita wa ngoma ya Kizungu iitwayo baleti. Hucheza kwa ncha za vidole vya miguu. Mimi, kama seremala wa jumba, nilipewa kazi ya kutengeneza jukwaa.

Mbao nilizipiga randa vizuri. Lakini Bwana Herman, msimamizi wetu, akaagiza zipakwe nta mpaka zing'ae, magauni yapendeze. Nilipokanyaga nilijua ni makosa. Nikamwambia, "Bwana, hapa mtu akiruka ataanguka." Akaniuliza, "Wewe ni seremala au mcheza ngoma?" Nikazipaka.

Ijumaa asubuhi wachezaji wakaja kufanya mazoezi. Mmoja wao, msichana aitwaye Klara, aliruka, na aliposhuka mguu ukamponyoka. Akaanguka kwa nyonga, kishindo nikakisikia nikiwa mlangoni. Wenzake walimkalisha wakamvua viatu. Dada, vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vina damu. Nilidhani watu wale ni wepesi kama manyoya, kumbe wanaumia kama sisi. Bwana Herman alisema msichana hakuwa mwangalifu, akaondoka.

Sikufanya kazi ya maana siku ile. Nilikuwa nikiuona mguu wangu. Unakumbuka mwaka ule nilipouvunja kwenye mashindano ya ngoma, watu wakasema wapinzani wetu wametutupia dawa. Mama akaniapisha nisicheze tena, na alipokuwa karibu kufariki akakukabidhi wewe kiapo kile ukilinde. Miaka saba nimekishika. Ngoma zikipita njiani mimi huingia ndani.

Jumamosi kulipopambazuka nilifungua jumba. Nilichukua msasa, nikapiga magoti, nikaikwangua nta sehemu yote ya katikati ya jukwaa. Sikumwomba mtu ruhusa. Bwana Herman alipofika, sakafu ilikuwa imefubaa kama ubao wa kukatia nyama. Akasema, "Umeiharibu. Ipake tena sasa hivi."

Nilikuwa nimekwisha kushika kopo la nta Klara alipoingia akichechemea. Alisugua sakafu kwa unyayo, akasugua tena. Amekulia Nairobi, Kiswahili anakijua kidogo. Akamwambia Bwana Herman, "Wacha hivi. Sasa mzuri." Kisha akanigeukia mimi. "Nani alikufundisha?"

Nikamwambia, "Mguu wangu, memsahibu. Ulivunjika nikicheza."

Hakucheka. Aliutazama mguu, akauliza, "Na sasa unacheza wapi?"

Nikaliweka chini kopo la nta.

Mchana ule nilisimama nyuma ya pazia. Mabibi walipita na almasi shingoni, watu wakapiga makofi, lakini mimi nilikuwa nikingoja wachezaji. Klara alitoka wa mwisho. Aliruka pale pale alipoangukia jana yake, akashuka bila sauti, akaruka tena. Nyonga ilikuwa inamuuma, niliona usoni mwake kila alipowapa mgongo wageni. Hakuacha hata hatua moja. Nami nilishtukia nimeshika pazia kwa mikono miwili, na visigino vyangu havigusi chini.

Bwana Herman amenirudisha karakana ya kutengeneza masanduku. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni lile swali. Jumapili baada ya misa nilikwenda Maganzo kwa Mihayo, yule mzee aliyekuwa akiongoza kundi letu. Akasema, "Umechelewa." Akaita wapiga ngoma. Dada, nilicheza mpaka jua likainama, na mguu ulinibeba.

Kwa hiyo sikuandikii kukuomba ruhusa, ingawa nilianza barua nikikusudia hivyo. Mashindano ni mwezi ujao na jina langu limo. Kiapo nimekivunja mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, na nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Ukikasirika, kasirika, ila usiache kuniandikia.

Nisalimie shemeji Masele, umbusu Generosa, na majirani zenu wa kambini uwape pole na kazi. Melania anakuamkia. Mungu awatunze huko mliko, na mvua zenu zisikose.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Maduhu