Roho ya Mtoto Kabula

Dada Tereza, shikamoo.

Tembo huyu wa kwenye picha ya kadi hii nimemwona Mikumi, lakini niliyotamani uyaone yalitokea jana kanisani Rudewa, huku Kilosa. Neema wetu, uliyemlea wewe, alikuwa anawafundisha kina mama jinsi Wakristo wa karne za mwanzo walivyoielewa roho ya binadamu. Wengine waliamini mtoto huirithi kwa wazazi pamoja na mwili. Wengine, kwamba Mungu humuumbia kila mtoto roho mpya.

Mama mmoja wa familia za wafugaji akasimama. "Mwalimu, mtoto wangu alifariki kabla ya ubatizo. Majirani wanasema alikuwa bado hana roho. Hao wa zamani walisemaje?"

Neema hakukimbilia kujibu. Alienda akakaa naye kwenye benchi, akamshika mkono. "Walibishana sana roho inatoka wapi, mama. Lakini kwamba mtoto aliyezaliwa anayo, hapo hawakubishana. Aliitwa nani?"

"Kabula," akasema, akalia. Kina mama wote wakalitamka jina hilo pamoja naye.

Baadaye tukiandaliwa wali na samaki wa mtoni, mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu, ila amelelewa na dada yangu."

Dada, nilishiba kabla ya kunawa. Mungu akuponye huo mguu, uje umsikie mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Petro