Kiganja Kilichotoka Kwenye Pasi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi,
Ijumaa, 6 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na kichanga hajambo? Shemeji naye, bado anabadilisha nepi au ameshaanza visingizio? Sisi huku wazima, ila goti langu la kukanyagia cherehani linalalamika kama kawaida. Simu yako haipatikani tangu juzi, nami kuna jambo nilikwambia wiki iliyopita ambalo lazima nilirekebishe. Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo utasema dada amerukwa na akili.

Unamkumbuka mjukuu wangu, yule mwokota vifungo chini ya meza ya kukatia? Mwezi uliopita nilikuwa napiga pasi sare za shule tangu asubuhi, yeye akajilaza tu juu ya mabaki ya vitambaa. Nikamgusa paji la uso. Nikamwambia mama yake, "Hana kitu huyu, anadeka."

Mara akaingia muuguzi mmoja, mteja wangu, kufuata magauni yake ya kazini. Akamgusa mtoto kwa mgongo wa mkono. "Mama, huyu anawaka moto." Nikabisha, unanijua. Akatoa kipimajoto mkobani, akakiweka kwapani kwa mtoto: thelathini na tisa na ushee! Kisha akanishika kiganja. "Mkono umetoka kwenye pasi sasa hivi. Huu utamwona nani ana joto?" Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto wangu wote nimewakuza kwa kiganja hiki.

Zahanati walimpima damu, malaria hakuna, wakasema ni mafua tu. Jioni akadai maji, akaanza kugombania vifungo, lakini kipimajoto alichoniazima muuguzi bado kinasoma thelathini na nane na nusu, nami nimeshashika chupa ya dawa. Nikampigia muuguzi. "Unamtibu mtoto au unaitibu namba?" akaniuliza. Kumbe mwili wenyewe ndio unaojipandisha joto, kwa makusudi, ili kuwasumbua wadudu wa ugonjwa! Mtoto akinywa, akikojoa na kucheza, dawa si lazima. Kazi yake ni kumpunguzia maumivu. Ila akilegea, akikataa kunywa, akihema mbio, shingo ikikakamaa au akishikwa na degedege, hakuna kungoja.

Basi jambo hilo likanikaa kichwani. Mwili unajuaje ukomee wapi? Kwa nini mtu atetemeke kwa baridi huku anaungua? Nikanunua kipimajoto, nikawapima wote hapa kazini. Mkataji wetu alikuwa sawa. Mimi nikakuta nina thelathini na tisa, nikaanza kuwaaga watu, kumbe nilikitia mdomoni nikiwa nimetoka kunywa chai.

Ndipo uliponipigia kuuliza ufanyeje kichanga akishikwa na homa, nami nikajifanya daktari: usihangaike, mwache mwili wake upambane, angalia tu kama ananyonya. Juzi nikamsimulia muuguzi, nikingoja sifa. Alikuwa anajaribisha gauni, pini zimemjaa kiunoni, akanigeukia. "Mtoto wa mdogo wako ana umri gani?" Nikasema wiki tano. Hakucheka.

Mdogo wangu, yote niliyokwambia ni ya watoto wakubwa. Mwili wa kichanga wa chini ya miezi mitatu bado haujui kupigana vizuri, na anaweza kunyonya kama kawaida huku ugonjwa mkubwa umeshamwingia. Akifika thelathini na nane, ni hospitali saa hiyo hiyo, bila kumpa kwanza dawa ya kushusha homa. Asiponyonya vizuri, akilegea au akiwa wa baridi isivyo kawaida, nenda hata kama hana joto. Tangu juzi nakata vitambaa vya watu vibaya kwa hofu, na kosa ni langu, si lako.

Nisalimie sana shemeji, na mama mkwe wako umwambie blauzi yake iko tayari. Mungu amkuze kichanga wetu, awe mbishi kama mama yake mkubwa.

Ndani ya kifurushi nimeweka kipimajoto kipya. Mpime sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii. Dereva wa mizigo aliyekuletea kifurushi nimemwambia asizime gari mpaka umwambie kimesoma ngapi.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye kuliko ninavyojua kusema.