Kahawa Niliyomnyima Deusi

Mjukuu wangu Adela,

Nakusalimu kutoka Nyanga. Sisi tu wazima, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua. Umeniuliza kama ni haki mashabiki kudai meneja wa timu yenu afukuzwe kwa sababu anamwamini kiungo wa miaka kumi na tisa.

Kaka yangu Respicius alikuwa meneja wa timu ya kijiji chetu, karibu na Rubya. Alimpa kijana Deusi nafasi ya kiungo, tukafungwa mechi tatu mfululizo. Baada ya ile ya tatu alikuja na wachezaji nyumbani. Nilipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni hanyimwi, nikamruka Deusi.

"Mpe na mwenzao," kaka akasema.

"Huyu si ameshashiba mabao?"

Wote wakacheka. Deusi naye alicheka, kisha akaaga. Wiki ile alipanda basi Muleba, na hatukumwona tena.

Kaka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ulijuaje kwamba hataweza?"

Kaka amekwisha kufariki; swali lake nakupa wewe, ukawaulize mashabiki wenu.

Bibi yako,
Koleta