Vyombo vya Kuku Viling'aa

Jumanne, 4 Machi
Mwanangu sasa hivi kakojoa ndani ya chombo cha maji ya kuku. Kasimama wima, kacheka, kamaliza! Nimeshindwa hata kumkaripia. Na leo ndiyo siku ya chanjo ya mafua, ile ya kunywesha — kuku wana kiu, wamenyimwa maji tangu alfajiri. Nikasugua vyombo vyote kwa dawa ya kutolea madoa ya nguo, vikang'aa kama sahani za wageni. Nikatia maji na chanjo. Mama mkwe kapita, kasema mke mwana huyu si mchezo. Moyo burudani! Tangu niolewe nalisubiri neno hilo.

Jumapili, 16 Machi
Kuku wanakoroma. Macho yanatoka machozi, mayai yana ganda laini, ukishika yanabonyea. Kuku hawa ndio waliomsomesha mume wangu.

Mama mkwe anasema Miwani, muuza dawa za mifugo, katuuzia chanjo feki. Kamtangaza mlango kwa mlango. Fundi cherehani jirani yetu kacheka, eti miwani yote ile na bado haoni dawa iliyokufa!

Leo nikifua nepi nimeishika ile chupa ya dawa ya madoa — nikakumbuka. Miwani alinionya. Dada, chanjo hii iko hai, chombo kioshwe kwa maji matupu, sabuni na madawa yataiua. Nikaitikia ndiyo, kaka, huku natafuta kiatu cha mtoto. Nimeiua mimi.

Wakati wa chakula nilitaka kusema. Mama mkwe akaniongezea mboga. Kula mwanangu, wewe ulijitahidi. Nikala tu. Aibu gani hii!

Jumatatu, 17 Machi
Miwani kaja mwenyewe. Yuko uani, hata kiti kakataa. Wateja wamemkimbia. Kauliza kitu kimoja tu: vyombo vilioshwa kwa kitu gani? Mama mkwe kawaka — mkwe wangu? Kwa usafi ule? Muulize mwingine yeyote, usimuulize yeye!

Nimejificha chumbani, eti nambadilisha mtoto. Nasikia kila neno. Ananitetea mimi, mwenye kosa!

Nitasema. Kuku wengine bado wanakula, huenda wakapona. Huenda na mama mkwe akanielewa. Nitaanza hivi: Mama, huyu kaka hana kosa, ni mimi nili—

Ananiita. Njoo, mwanangu, umfunge mdomo huyu bwana!

Naja. Nikifika tu nita—