Hamna Nafasi

Jumatatu, 3 Machi
Mgeni amefia bafuni, hoteli ya jirani, ng'ambo ya barabara. Muuza vitambaa. Fundi anasema ni hita ya gesi: haikuwekewa bomba la kutolea moshi, hewa ikageuka sumu. Haina hata harufu. Walimkuta ameketi sakafuni, povu la sabuni limemkaukia kichwani.

Na mimi? Mwezi wa kwanza nilitumwa na chama chetu cha wenye hoteli kuikagua hoteli hiyohiyo. Mimi ndiye katibu. Nilikaa mapokezi, nikanywa chai, nikasaini cheti. Juu sikupanda. Sikupanda!

Jumanne, 4 Machi
Nimezima hita zangu zote sita. Ni zilezile—chama kilituagizia wote kwa mkupuo. Wageni wamenuna kwa maji baridi. Wanune tu.

Shemeji kapiga simu. Kaka wa mume wangu, na ndiye mwenyekiti. Eti nikizima mimi, wote tutaonekana tuna hatia. Nikamwambia, shemeji, mtu amekufa. Akasema anajua, ndiyo maana chama kipo, kutulinda. Kutulinda na nani? Akakata.

Jumatano, 5 Machi
Kikao. Dakika ishirini, basi. Tamko la chama: marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari gani kasema? Hakuna aliyeuliza. Jirani mwenyewe aliinamia viatu vyake mwanzo mpaka mwisho. Mikono yote juu. Wangu pia. Tamko nikaliandika mimi, wakasifu lugha yangu.

Mume wangu ananiambia nisijitie kimbelembele. Leseni yetu ilipokwama mwaka juzi, nani alihangaika ofisi hadi ofisi? Chama. Kweli. Kilitubeba.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi, ujumbe wa mwenyekiti kwenye kundi la simu. Mjane yuko njiani na baba mkwe wake, wanakuja kuchukua mwili. Wanachama wote wawaambie hamna nafasi—wasije wakaanza kuchunguza mabafu yetu. Watu kumi na tisa wamejibu "sawa". Mimi sijajibu kitu.

Saa nane mchana. Wako chini! Hoteli ya tano hii, wamezunguka kwa miguu. Mlango wa ofisi uko wazi, nasikia kila neno. Mjane anamwambia binti wa mapokezi: dada, chumba kimoja tu, baba alale kitandani, mimi sakafuni panatosha. Halii. Anaongea taratibu, kama anayeogopa kusumbua. Mzee anakohoa tu. Na funguo saba zinaning'inia ukutani, mbele ya macho yao.

Binti kapanda mbio. Mama, niseme tumejaa? Nikamwambia angoje kidogo. Angoje nini? Nimekaa naandika!

Amerudi. Kasimama mlangoni, anahema. Mama, mzee ameshanyanyua begi waende zao—niwaambieje?