Viatu Tunavyomchania Shemeji

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla viatu havijatuishia nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani, na pembeni yangu hapa barazani anakaa shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, yeye ni fundi viatu, na tangu dada atutoke alikuwa anakuja kazini anakaa tu, hata sindano hashiki, mpaka siku moja nampa chai akaniambia, "Shemeji, mimi naona nimeshaishi vya kutosha," chai akaiacha ikapoa, nami nikamwendea kinyozi wa mlango wa pili na mama muuza chai, tukakubaliana mtu huyu asikae peke yake, na kwa kuwa hapendi kuonewa huruma basi kila mmoja wetu awe anampelekea kiatu kibovu na kukaa naye mpaka kiishe, na vibovu vilipokwisha, Mungu anisamehe, tukaanza kuvichana vizima.

Na imesaidia, mshauri. Siku hizi anapiga mluzi, anamtania kinyozi kwa kipara chake, anakula, nami nina furaha hata nashona huku naimba, mume wangu tu ndiye anayekwenda kazini na ndala. Lakini jana shemeji alishika kiatu changu, akakigeuza, akasema, "Shemeji, uzi huu haukuchakaa, umekatwa na wembe. Na cha kinyozi vilevile. Mna nini nyinyi?" Nikasema nimeacha pasi inaungua, nikakimbia. Sasa nikimwambia ukweli, si ataona tumemfanya mtoto, arudi kule kule alikokuwa? Na nikinyamaza, nitamtazamaje usoni?

Mwenye Cherehani

JIBU

Mwenye Cherehani, nimecheka, halafu nikafuta machozi. Wengi husema neno kama lile likapita masikioni mwa watu. La shemeji yako wewe ulilisikia, ukaita na wenzako. Hongereni.

Sasa nikugombeze. Kuchana kiatu kizima mmeweza, kumuuliza swali moja mmeogopa. Mficha uchi hazai, dada yangu. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Shemeji, siku ile ulikuwa unafikiria kujiua? Na sasa je?" Usihofu kwamba utampa wazo. Kama lipo, lilikuwepo kabla yako, na kulisema mbele ya mtu asiyemkimbia kunampunguzia mzigo. Mluzi ni dalili nzuri, lakini si jibu.

Akisema bado, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo wewe na kinyozi mfuatane naye kituo cha afya, mkaeleze bila kuzungukazunguka. Akisema yamepita, mshukuru kwa kukuambia, mwombe mwende kituoni hata hivyo, maana wenye kazi hiyo wapo, na siku nyingine umuulize tena. Zamu zenu za kukaa naye ziendelee, ila sasa na yeye azijue.

Kuhusu viatu, kiri. Mwambie uongo ulikuwa kwenye wembe tu, kukaa naye mlikaa kweli, na mlikaa kwa sababu mnamtaka hapo barazani. Akinuna, mwache anune mkiwa naye.

Mumeo mrudishie viatu vyake. Kesho nenda kwa shemeji mikono mitupu, uvute kigoda, ukae, umuulize. Na safari hii usikumbuke pasi.