Mama hakuuona ule mwezi

Merina, Baba analia. Baba! Mara ya mwisho kumwona analia ni siku tulipomzika Mama.

Ile hadithi yake ya darubini unaijua, ya mwaka 1998. Alikuwa anafundisha shule ya kijijini Namawala, Mama mgonjwa kitandani hapa Lipangalala. Kila Jumamosi akirudi alikuwa anasugua vioo viwili, kimoja juu ya kingine, kwa unga wa msasa na maji, miezi saba mizima, mpaka akapata lenzi. Akaifunga kwenye bomba, akamwegemeza Mama dirishani jioni moja atazame mwezi. Mama akasema, "Nauona, Fidelis! Una mashimo!" Baba akacheka kwa furaha. Wiki mbili baadaye Mama akafariki.

Miaka yote hiyo ndiyo faraja yake.

Sasa leo anamsimulia padri mgeni, mama mdogo Levina akaropoka: "Shemeji, dada alikuwa haoni. Macho yalikufa tangu Pasaka."

Haoni, Merina! Haoni kabisa!

Baba kwanza akacheka. "Levina, aliyaona mashimo."

"Hayo mashimo ulimweleza wewe mwenyewe, shemeji. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kusugua, na hutakuwa na la kufanya ila kumwangalia anavyokwisha."

Baba akauliza, sauti ndogo kabisa: "Sasa pale dirishani alikuwa anatazama nini?"

Mama mdogo akasema, "Alikuwa anakusikiliza ulivyokuwa unacheka."

Ndipo Baba akafunika uso kwa viganja. Mpaka sasa hajavitoa.